Nani Yuko Kikundi Gani: Kugawa Diski kati ya Michakato

Ndugu wasimamizi wa mifumo, waandishi wa programu, wanafunzi, na nyote mliofika: asanteni kwa kunikaribisha. Nitaanza na faili moja tupu.

Kuna seva niliyowahi kuitunza iliyokuwa na programu ya kuhudumia watu usiku na mchana, hifadhidata yake, na kazi ya nakala rudufu iliyoanza saa nane usiku. Kila saa nane ilipofika, kurasa zilizokuwa zikifunguka papo hapo zilianza kusuasua. Nikaunda kikundi cha nakala rudufu, yaani fungu la programu zinazohesabiwa kuwa kitu kimoja, nikakipa uzito mdogo kabisa kwenye diski, yaani fungu dogo kuliko la wengine. Hakuna kilichobadilika. Nikakiwekea kikomo cha kasi ya kusoma. Bado. Siku mbili nzima nilikuwa napandisha na kushusha nambari. Usiku wa tatu, nakala rudufu ikiwa imepamba moto, nikafungua faili ya cgroup.procs, ile inayoorodhesha michakato, yaani programu zinazoendeshwa, iliyomo ndani ya kikundi. Ilikuwa tupu. Hamna hata mstari mmoja.

Ile programu ya huduma ilikuwa na ratiba yake ya ndani, na yenyewe ndiyo iliyokuwa ikizindua nakala rudufu. Katika Linux mchakato huzaliwa ndani ya kikundi cha mzazi wake. Kwa hiyo nakala rudufu ilikuwa ikizaliwa ndani ya kikundi cha huduma, inakula fungu la huduma, na nambari zangu zote zilikuwa zikidhibiti chumba kisicho na mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hoja moja ambayo nimekuja nayo leo. Tukizungumzia kugawa diski, tunatumia muda mwingi mno kwenye nambari: uzito kiasi gani, kikomo cha megabaiti ngapi kwa sekunde. Uamuzi mzito unatangulia nambari zote hizo, nao ni huu: michakato ipi ihesabiwe kuwa kitu kimoja? Ukikosea hapo, hakuna nambari itakayokuokoa.

Kwanza nieleze kwa nini diski ni ngumu kugawa kuliko kichakato (CPU). Muda wa kichakato unagawika vizuri: milisekunde kumi ni milisekunde kumi, yeyote azitumie. Diski haiko hivyo. Chukueni diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 120 kwa sekunde, kila mzunguko milisekunde 8.3, na kwa wastani unangoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4 na kidogo, ili data ifike chini ya kichwa. Ongeza milisekunde kama 8 za kichwa kusogea. Jumla ni kama milisekunde 12 kwa kila ombi linaloruka huku na huku, yaani maombi kama 80 kwa sekunde. Kila ombi likiwa la kilobaiti 4, umepata kilobaiti 320 kwa sekunde. Diski hiyohiyo, ikisomwa kwa mfululizo bila kuruka, inatoa zaidi ya megabaiti 100. Tofauti ni ya zaidi ya mara 300, kwenye kifaa kilekile, kulingana na nani anaomba nini na amechanganywa na nani.

Maana yake ni kwamba kugawa diski kwa baiti kunampendelea mmoja, na kuigawa kwa idadi ya maombi kunampendelea mwingine. Ukichanganya wasomaji wawili wa mfululizo bila mpango, kila mmoja anamharibia mwenzake na wote wawili wanaambulia kidogo. Diski za SSD, zisizo na sahani inayozunguka, zimepunguza tatizo la kichwa kusogea, ila zimeleta lao: uandishi mwingi unazilazimisha kufanya usafi wa ndani, na msomaji asiyehusika anangojeshwa. Kwa hiyo swali la nani anahesabiwa na nani halijaondoka.

Tuangalie sasa njia za kuhesabu. Ya kwanza na ya kale kabisa ni kuhesabu kila mchakato peke yake. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, toleo la 2.6.13, mwaka 2005, ilituletea amri ya ionice, ya kupanga kipaumbele cha mchakato kwenye diski, kupitia ratiba ya diski (sehemu ya kerneli inayopanga zamu za maombi) iliyoitwa CFQ. Palikuwa na madaraja matatu: la wenye haraka isiyongoja, la kawaida lenye ngazi 0 hadi 7, na la wanaosubiri diski ikae bure. Kila mchakato ulipata foleni yake na zamu yake.

Tatizo lake linaonekana kwa hesabu ya darasa la nne. Mtu mmoja anafungua faili moja kwa mchakato mmoja. Mwenzake anaunganisha programu kubwa kwa michakato 15 kwa mpigo. Kwa haki ya kila mchakato, yule wa kwanza anapata sehemu moja ya 16, kama asilimia 6. Akiongeza mwenzake michakato mingine 15, fungu la wa kwanza linashuka hadi kama asilimia 3. Haki ya namna hii inamzawadia anayezaa watoto wengi. Sijawahi kuona mahali ambapo hilo ndilo mtu alilolitaka.

Njia ya pili ni kuhesabu kwa mtumiaji. Inavutia, kwa sababu kila mchakato tayari una namba ya mtumiaji wake. Mashine inayotumiwa na watu wengi wanaoingia kila mmoja kwa jina lake, hapo inafaa sana. Lakini seva nyingi za leo hazina watu ndani yake. Zina huduma, na huduma tatu zisizohusiana mara nyingi zinaendeshwa kwa jina moja la mtumiaji kwa sababu za ruhusa za faili. Hapohapo mtu mmoja anaweza kuwa anahariri maandishi kwenye dirisha moja na kunakili folda kubwa kwenye dirisha la pili, na anachotaka ni kwamba kunakili kusimkwamishe kuhariri. Jina ni moja, mahitaji ni mawili. Namba ya mtumiaji ilibuniwa ijibu swali la nani anaruhusiwa kugusa nini, na hilo si swali letu.

Kuna pia kuhesabu kwa kikao, yaani michakato yote iliyozaliwa kutoka dirisha moja la kuandikia amri. Upande wa kichakato Linux ilifanya hivyo kwenye toleo la 2.6.38, mwaka 2011, na kwa kompyuta ya mezani ilisaidia. Kwa seva haitoshi, maana huduma haina dirisha.

Njia ya nne ndiyo iliyoshinda: vikundi vinavyotajwa waziwazi na msimamizi mwenyewe, vilivyopangwa kama mti. Ndivyo tunavyoviita cgroup. Kazi hiyo ilianzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006, na ikaingia kwenye kerneli 2.6.24 mwanzoni mwa 2008. Diski haikuwemo siku hiyo. Mwaka 2008 na 2009 palikuwa na mapendekezo kadhaa yaliyoshindana, mojawapo likiitwa dm-ioband, lililokaa juu ya ratiba ya diski. Mengine yalitaka kazi ifanywe ndani ya ratiba yenyewe. Kilichokubaliwa kikaingia 2.6.33 mwaka 2010: mgawo kwa uzito ndani ya CFQ. Vikomo vya kasi vikafuata 2.6.37, mwanzoni mwa 2011.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kerneli haibahatishi. Inakuuliza wewe. Na ndiyo maana kazi ya kufikiri imehamia kwetu, na wengi wetu hatujaifanya. Tunachukua vikundi kama vilivyozaliwa, na vilivyozaliwa vimefuata mambo mengine kabisa: kifurushi kilisakinishwaje, nani alianza mchakato, kontena liliitwaje.

Mimi natumia kipimo kimoja. Nauliza: mchakato huu ukichelewa, ni nani anakaa kungoja? Michakato inayongojewa na mtu yuleyule naiweka pamoja. Inayongojewa na watu tofauti naitenganisha, hata kama ni watoto wa mzazi mmoja na inatumia jina moja. Ile nakala rudufu ya saa nane usiku haikuwa na mtu anayeingoja mpaka asubuhi. Programu ya huduma ilikuwa na mtu anayeangalia kioo sekunde ileile. Kuziweka kikundi kimoja ni kumwambia yule mtu asubiri kazi isiyosubiriwa.

Kipimo hiki kinajibu hata maswali yanayoonekana magumu. Je, hifadhidata na programu inayoitumia zikae kikundi kimoja? Anayengoja ni mmoja, kwa hiyo kwa kawaida ndiyo, angalau chini ya tawi moja. Je, ripoti za mwisho wa mwezi zikae na huduma kwa sababu zimeandikwa na timu moja? Hapana, hata kidogo. Timu iliyoandika si mtu anayengoja.

Sasa nifike kwenye sehemu inayowaangusha wengi, mimi nikiwemo kwa miaka: uandishi.

Mchakato unaposoma, anayeomba anajulikana. Unangoja pale mlangoni na kerneli inamwona. Mchakato unapoandika kwa njia ya kawaida, hauandiki kwenye diski. Unaandika kwenye kumbukumbu, kurasa zile zinawekwa alama kuwa ni chafu, na mchakato unaendelea na safari yake. Sekunde kadhaa baadaye mtumishi wa kerneli anazichukua kurasa hizo na kuzimwaga kwenye diski. Anayeonekana mlangoni wakati huo ni mtumishi, na mwenye mzigo ameshaondoka. Ndiyo maana ionice haikufanya kazi kwa uandishi wa kawaida. Ilifanya kazi kwa kusoma, na kwa uandishi unaokwenda moja kwa moja au unaongoja ufike. Ukiipa nakala rudufu daraja la mwisho kabisa halafu ikaandika gigabaiti 20 kupitia kumbukumbu, umwagaji wake hautambui daraja hilo.

Toleo la kwanza la cgroup lilikuwa na kasoro hiyohiyo kwa sababu nyingine. Kila rasilimali ilikuwa na mti wake. Mchakato uliweza kuwa kikundi hiki kwa kumbukumbu na kikundi kile kwa diski. Ukurasa mchafu unajua ni wa kikundi gani cha kumbukumbu, lakini hicho si kikundi cha diski, na hakukuwa na njia ya uhakika ya kutoka hapa kwenda pale. Kwa hiyo uandishi wa kawaida ulihesabiwa kwenye shina, yaani kikundi cha juu kabisa cha mti, kwa wote na si kwa yeyote.

Toleo la pili, lililotangazwa rasmi kwenye kerneli 4.5 mwaka 2016, liliamua kwamba mti ni mmoja tu. Wengine waliliona kama kunyang'anywa uhuru. Kwa upande wa diski mimi naliona kuwa uamuzi bora kuliko yote. Kumbukumbu na diski zikishakuwa kikundi kimoja, ukurasa mchafu una mwenyewe, na mtumishi wa kerneli anapoumwaga, deni linaandikwa kwa mwenye ukurasa. Njia hiyo ilianza kujengwa kwenye 4.2, mwaka 2015. Inahitaji vidhibiti vyote viwili, cha kumbukumbu na cha diski, viwe vimewashwa, na inahitaji mfumo wa faili unaoielewa, kama ext4, btrfs au xfs. Mfumo usioielewa bado unapeleka kila kitu kwenye shina.

Hapa pana jambo dogo lenye uzito mkubwa katika kuchagua vikundi. Kumbukumbu huhesabiwa kwa ukurasa mmojammoja, lakini umwagaji huhesabiwa kwa faili nzima. Faili moja ina mwenye deni mmoja kwa wakati mmoja. Vikundi viwili vikiandika kwenye faili moja, kerneli inaangalia ni kipi kimeandika zaidi kwa muda, na kukipa deni lote. Kwa hiyo programu mbili za vikundi tofauti zinazomwaga faili moja ya matukio haziwezi kugawanywa kwa haki; mmoja anakula, mwingine analipa. Ukitaka vikundi vyako viwe vya kweli, hakikisha haviandiki faili moja.

Jambo la pili la aina hiyo: ukihamisha mchakato kutoka kikundi kimoja kwenda kingine, kumbukumbu uliyokwisha kuichukua haihami nao. Inabaki kwenye hesabu ya kikundi cha zamani. Kwa hiyo kuuacha mchakato uanze, kisha kuukimbiza na kuuhamisha, ni kuchelewa. Uwekwe kikundini kabla haujaanza kazi. Kwenye ile seva yangu, dawa ilikuwa kuiondoa nakala rudufu kwenye ratiba ya ndani ya programu na kuifanya huduma inayojitegemea, izinduliwe na systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux, moja kwa moja katika tawi lake. Nambari nilizokuwa nimeziacha sikuzigusa tena. Usiku huohuo huduma haikusuasua.

Niseme juu ya umbo la mti, kwa sababu hapo pia nambari hudanganya. Uzito kwenye cgroup ya toleo la pili huanzia 1 hadi 10,000, na wa kawaida ni 100. Hushindanishwa kati ya ndugu wa mzazi mmoja tu. Tuseme una matawi mawili, huduma na kazi za usiku, kila moja lina 100. Ndani ya kazi za usiku umeweka nakala rudufu yenye 1,000 na ripoti yenye 100. Mtu akiziona nambari hizo anadhani nakala rudufu itaifunika huduma mara kumi. La. Diski ikiwa na foleni, huduma inapata nusu. Nusu ya pili inagawanywa ndani: nakala rudufu kama asilimia 45, ripoti kama asilimia 5. Ile 1,000 haikuvuka mlango wa mzazi wake.

Sasa tazameni mti ambao systemd inawapa bila kuombwa: tawi la huduma za mfumo, tawi la watumiaji walioingia, tawi la mashine pepe na kontena. Kidhibiti cha diski kikiwa kimewashwa na matawi hayo yana uzito sawa, basi huduma zenu zote kwa pamoja zinalingana na mtu mmoja aliyeingia usiku kunakili faili. Huenda hilo mnalitaka. Sidhani. Lakini hakuna aliyeliamua. Limekuja na mti.

Na jihadharini na uzito usio na wa kuusoma. CFQ iliondolewa kwenye kerneli 5.0, mwaka 2019. Leo uzito unaheshimiwa na ratiba ya diski iitwayo BFQ, iliyoingia 4.12 mwaka 2017, au na kidhibiti cha io.cost kilichokuja 5.4 mwaka 2019, ambacho hukadiria gharama ya kila ombi kulingana na kifaa na kugawa muda wa kifaa badala ya baiti tupu. Bila kimojawapo, unaandika nambari, faili inaipokea, na hakuna kinachotokea.

Vikundi vingapi? Vichache. Kwenye diski inayozunguka, ili kikundi kipate haki yake, ratiba lazima ikingoje kidogo baada ya ombi lake kumalizika, kwa matumaini kwamba ombi lijalo liko jirani. CFQ ilikuwa ikingoja milisekunde 8. Vikundi vikiwa 3 hilo halisumbui. Vikiwa 60, diski inakaa bure ikimngoja huyu, kisha yule, na kazi nzima inayopita inaporomoka. Mtu anayeunda kikundi kwa kila mchakato amerudi kwenye ionice kwa gharama kubwa zaidi.

Kuhusu uzito au kikomo, nina msimamo: uzito kwanza. Kikomo kwenye io.max, faili ya cgroup ya kuwekea kikomo cha kasi, kinambana mtu hata diski ikiwa haina kazi, na ni nambari uliyoikisia kwa diski ya mwaka juzi. Kikomo ninakiweka pale tu ambapo mteja ameahidiwa kasi fulani na hapaswi kuzidisha.

Ukishapanga, utajuaje kama umepanga sawa? Usipime kasi. Pima kungoja. Tangu kerneli 4.20, mwaka 2018, kuna vipimo vya msongo, na katika cgroup kila kikundi kina faili ya io.pressure. Inaonyesha asilimia ya muda ambao michakato ya kikundi ilikwama ikingoja diski, kwa sekunde 10, 60 na 300 zilizopita. Kikundi cha nakala rudufu kikionyesha msongo mkubwa usiku, ni sawa kabisa. Ndiyo kazi tuliyokipa. Kikundi chenye mtu anayengoja kikionyesha hivyo, usikimbilie uzito. Fungua cgroup.procs kwanza, usome majina yaliyomo, jina kwa jina.

Yako mambo mawili ambayo vikundi havitayamaliza. La kwanza ni daftari la mfumo wa faili, ambamo mabadiliko huandikwa kwanza. Kwenye ext4, mabadiliko ya wengi hufungwa pamoja katika muamala mmoja. Kikundi ulichokibana sana kikiwa kimeshika kitu ambacho muamala unakihitaji, wenzake wote wanaotaka kuhakikisha data imefika kwenye diski wanangoja nyuma yake. Umembana mmoja, umewafunga wote. Ninapoweza, huduma na kazi za usiku nazipa mifumo ya faili iliyotengana.

La pili ni gumu zaidi, na ni la hifadhidata. Seva ya hifadhidata ni kundi moja la michakato, au mchakato mmoja wenye nyuzi nyingi, ikiwahudumia kwa pamoja mtu anayeangalia kioo na ripoti isiyongojewa na yeyote. Kurasa zake za kumbukumbu ni za wote, na faili zake ni za wote. Kerneli inaona kikundi kimoja tu, na hakuna mahali pa kukata. Nilichofanya mimi ni kuweka nakala ya pili ya hifadhidata, inayofuata ya kwanza, ikiwa na diski yake na kikundi chake, na ripoti zote zikapelekwa huko. Ni gharama, na si kila mtu ana diski ya ziada. Wapo kati yenu wanaoandika hifadhidata zenyewe, nao wanaweza kumjua mwombaji kwa namna ambayo kerneli haitaweza kamwe. Ningependa maswali yaanze kwao.